Hotpoti ya Padre

Watu wakijua ninafanya kazi gani hapa Brussels, huniuliza ninapika nini. Hakuna anayeniuliza chakula kinafikaje, na hapo ndipo penye kazi. Kupika hata shangazi yangu alipika maisha yake yote, na chakula chake kilikuwa adhabu. Lakini kuutoa wali wa nazi Anderlecht ukiwa wa moto, ukavuka mji mzima kwa treni na tramu katikati ya watu wenye makoti yaliyolowa mvua, ukamfikia msusi wa Matonge, mtaa wa Waafrika, wakati ule ule anapopata nafasi ya kukaa, kisha chombo kikarudi kwangu kizima na mfuniko wake, hilo si la kila mtu. Mimi naliweza. Sioni haya kulisema.

Jiko letu liko nyuma ya ghala la matairi, Anderlecht, mtaa ambao kodi yake bado inashikika. Ninaliendesha na mwenzangu, mama wa Lubumbashi. Tulijuana dukani tukigombea fungu la mwisho la majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nayaita kisamvu, yeye anayaita sombe, na mwenye duka, ambaye hakuwa na habari na hilo wala lile, akatukatia katikati. Tukaenda kupika pamoja kwake ili fungu lisipungue, tukagombana tena namna ya kulitwanga, na ugomvi huo tunao mpaka leo. Kutokana nao ndipo ilipozaliwa biashara. Yeye anasonga bukari, ndio ugali wa kwao, anakaanga samaki na kupika sombe yake yenye mawese. Mimi napika pilau, wali wa nazi, maharage, mchuzi wa papa nikimpata. Mkaguzi wa vyakula alikuja, akapima joto la kila sufuria, akaonja kisichotakiwa kuonjwa, akatuachia kibali tulichokibandika ukutani.

Kila mteja ana hotpoti mbili za ghorofa: wali au ugali chini, mchuzi katikati, mboga juu, zimebanwa kwa komeo moja na mshikio wa kubebea. Moja inakwenda, nyingine inarudi. Leo nakuletea iliyojaa, nawe unanipa ya jana ukiwa umeshaiosha. Ukikosa kunipa ya jana, kesho utakula kwa macho, kwa sababu sina pa kukutilia. Hiyo ndiyo sheria, na sijawahi kuilegeza hata kwa mtu wa ubalozi.

Kwenye mshikio tunafunga kitambaa. Chekundu kinakwenda Uccle, kwa wale akina dada wanaolea watoto wa watu. Cha kijani kinakwenda Matonge na maofisini. Cha bluu kinakwenda kaskazini, mpaka Ganshoren. Kisha juu ya kitambaa nimeshona kifungo cha nguo, na kila mteja ana kifungo chake: cha koti, cha shati, cha dhahabu ya uongo. Ninyi mnaweza kuona ni mambo ya kitoto. Lakini ukiwa umesimama kwenye treni, mkono mmoja umeshika bomba, macho hayaoni ndani ya kikapu, kidole kinapapasa kifungo na kinajua hiki ni cha nani.

Nyekundu ni yangu, kijani ni ya mwenzangu. Bluu ni ya tonton, kwa maana ya mjomba, mzee mmoja wa Bukavu aliyekuwa dereva wa tramu mpaka alipostaafu, na ambaye bado anawasuta madereva wenzake kwa namna wanavyofunga breki. Tonton haji Anderlecht asubuhi. Anatungoja kwenye kituo cha kubadilishia treni, amesimama mahali pale pale pa jukwaa na kikapu chake cha magurudumu. Mlango unafunguka, namsukumia kikapu chenye chakula, ananisukumia kile chenye hotpoti za jana, mlango unafungwa. Kama kuna salamu, zinapita hapo hapo.

"Ça va, maman?"

"Salama, tonton. Ile ya kifungo cheupe ina mchuzi mwingi, usiilaze!"

Abiria hutuangalia kama majambazi. Mwanzoni nilijisikia vibaya, siku hizi nafurahia.

Sasa kuna jambo moja ambalo sikulifanya sheria, kwa sababu sikujua kwamba kuna watu wanaohitaji kuambiwa. Kwetu Tanga chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea bakuli la futari, utaliosha, utalifuta, halafu utalitilia kitu: ndimu mbili, kipande cha mkate wa kumimina, hata chumvi kidogo kama nyumba imekauka. Ukilirudisha tupu ni sawa na kumwambia kwamba mambo yenu yamekwisha. Basi wateja wangu Watanzania walianza wenyewe bila kuambiwa. Hotpoti zikirudi, ndani mna ndimu, mna vitunguu swaumu, mna vipakiti vya sukari vilivyotoka ofisini bila ruhusa. Mwanafunzi mmoja alinitilia kiazi. Kiazi kimoja, kimeoshwa vizuri, kimekaa katikati ya chombo kama bwana harusi.

Mwenzangu alicheka mpaka akaketi chini. "Kwetu, maman, sahani inarudi propre, safi, basi. Alors weye unataka bakuwekee nini tena? Batu balishalipa!"

Nikamwambia kulipa ni kulipa na adabu ni adabu. Hakukubali, lakini mambo mazuri huambukiza. Baada ya muda wasusi wake wa Matonge nao wakaanza kututilia pilipili, mtindi, siku nyingine rangi ya kucha. Vyote tulivimwaga juu ya meza ya jikoni tuliporudi alasiri, tukachemsha chai, tukala kilicholika. Kikao kile cha chai ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mtu mwenye biashara akiambiwa asante kwa maneno hajui kama ni kweli. Mimi asante yangu nilikuwa naishika mkononi.

Na aliyetushinda wote kwa adabu alikuwa Mbelgiji.

Alikuwa padre wa zamani, aliyekaa upande wa Tabora karibu maisha yake yote ya kazi, akarudishwa huku alipozeeka. Alinipigia simu siku moja na kusema, "Shikamoo mama, nasikia unapika ugali." Sauti ilikuwa ya Kinyamwezi kabisa. Nikadhani ni mwanafunzi mgeni, nikamwitikia marahaba yangu kwa kujiachia, nikamuuliza kama ana hotpoti au nimtafutie. Nilipompelekea chakula mara ya kwanza, Ganshoren, ghorofa ya tatu, mlango ulifunguliwa na mzee wa Kizungu mrefu, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, umri wa babu yangu. Niliona haya mpaka masikioni. Nimeitikia marahaba kwa mtu kama huyu! Nikampa shikamoo yake pale pale mlangoni, na nyingine ya fidia. Akacheka sana, akaniambia simuni wote ni watoto.

Baada ya hapo tonton ndiye aliyempelekea, lakini kila nilipopata nafasi nilipanda mwenyewe kumsalimia. Tulitaniana. Mimi Mwislamu wa pwani, yeye padre wa bara, tulikuwa na mengi ya kutupiana. Aliniambia watu wa Tanga wakikosa nazi huandika wosia. Nami nikamwambia nyinyi Wanyamwezi mkikosa ugali mnasema hamjala hata kama mmemaliza ng'ombe. Nikimwita Mnyamwezi uso wake ulikuwa unang'aa. Huko nje alikuwa mzee wa Kibelgiji kama wazee wengine, anayepishwa kwenye tramu bila kuangaliwa. Hapo mezani kwake na ugali wangu alikuwa mtu wa mahali fulani.

Hotpoti yake ilirudi imesuguliwa kama mpya, na ndani haikukosa kitu cha maana. Mayai ya kuchemsha. Mkate wenye jibini, umefungwa kwenye karatasi safi. Mtindi, peasi lililoiva. Niliwasimanga navyo wateja wengine. "Mwangalieni Padre," nilikuwa nawaambia, "Mzungu, na adabu anawafundisha!" Tonton alipenda ule mkate wa jibini. Ulikuwa wake, hatukumgombania.

Kisha mpwa wake akapiga simu.

Ni mama wa makamo, mtoto wa dada yake Padre, anakaa Uccle kwenye ile mitaa yenye miti mingi kuliko watu. Alizungumza Kifaransa cha polepole, cha mtu aliyejipanga. Mjomba wake amekonda, alisema. Suruali zinamvuka. Daktari amempima mara mbili, haoni ugonjwa, anasema tu mzee hali vya kutosha na kwamba hawezi tena kuishi peke yake. Wamempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee, nzuri, karibu na bahari, na nafasi hiyo haitangoja sana. Kwa sasa anafikiri ni bora aache chakula chetu, ambacho huenda ni kizito kwa mtu wa umri ule, aletewe kile kinachogawiwa na manispaa kwenye sahani za plastiki.

Damu ilinipanda. Chakula changu kimkondeshe mtu! Nimewahi kulaumiwa kwa kunenepesha, na lawama hiyo niliipokea kwa mikono miwili, lakini kukondesha? Nilimjibu kwa Kifaransa changu ambacho nikikasirika hupoteza viungo vyake. Nikamwambia vyombo vya mjomba wake vinarudi vyeupe, kila siku, anakula mpaka ukoko. Akasema labda anamwaga. Nikakata simu kabla sijasema ambalo lingenigharimu mteja.

Siku iliyofuata nilimwachia mwenzangu Uccle yangu, nikapanda tramu na tonton mpaka Ganshoren. Kusema kweli nilikuwa nakwenda kulitetea sufuria langu. Lakini Padre alipofungua mlango niliona kwa macho yangu. Shingo ilikuwa imebaki ndogo ndani ya kola. Mtu ukimwona kila mara huoni anavyopungua, na mimi nilikuwa na wiki kadhaa sijapanda.

"Karibu, mwanangu. Leo umekuja na jeshi," alisema, akimtazama tonton.

"Nimekuja kukuangalia ukila, Padre. Nimetumwa na roho yangu."

Aliosha mikono, akasali, akala. Hakumwaga kitu. Alimega tonge kwa vidole, akatowea mchuzi, akafagia sahani kama mtu aliyetoka kulima. Tonton alinikonyeza kwamba tumeshinda kesi. Kisha Padre akainuka, akaichukua hotpoti mpaka kwenye beseni, akaisugua kwa utaratibu, kila ghorofa na mfuniko wake, akaifuta kwa kitambaa. Alipomaliza akafungua friji.

Friji ilikuwa na taa na mayai mawili. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Padre akayatoa yale mayai, yalikuwa yameshachemshwa, akayalaza ndani ya hotpoti, akafunga komeo, akanipa kwa mikono miwili.

Nilisimama nimeikamata, nisijue niitie wapi aibu yangu. "Padre, jioni utakula nini?"

"Jioni mzee hahitaji mengi."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi kuna kahawa."

Nikamuuliza habari za msaidizi, maana wazee wa hapa huletewa mmoja na manispaa. Akasema ni mama mwema, anakuja mwanzo wa wiki, anamnunulia mahitaji yake: mkate, jibini, mayai, matunda, mtindi, kadiri ya kumtosha jioni na asubuhi. Hatoki tena kwenda dukani mwenyewe, miguu haitaki. Alieleza kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Tonton alivua kofia yake, akawa anaigeuzageuza mikononi. Najua alikuwa anafikiria ule mkate wa jibini. Mimi nilifikiria peasi, na namna nilivyolisifia utamu. Tulikuwa tumekula chakula cha jioni cha mzee huyu, na chai juu yake.

"Padre," nikamwambia, na sauti ilikuwa imenipanda, "kuanzia leo hotpoti yako utairudisha tupu."

Aliniangalia kama nimemtukania dini.

Akanihadithia kwamba alipofika Tabora kijana, mama mmoja jirani ya misheni alimpelekea bakuli la ugali na mlenda. Alikula, akaliosha, akamrudishia. Yule mama alitazama ndani ya bakuli, akamtazama yeye, akaondoka bila neno. Hakuleta tena. Katekista ndiye aliyemweleza alichokosea, na Padre akatembea mpaka kwa yule mama na chane ya ndizi begani, watoto wakimfuata na kumcheka. "Tangu siku hiyo sijarudisha chombo kitupu," alisema. "Sitaanzia Ganshoren."

"Basi tia chumvi. Chumvi kidogo inatosha, hata kwetu inakubalika."

"Chumvi ni ya nyumba iliyokauka. Mimi nyumba yangu haijakauka."

"Padre, nimeiona friji. Imekauka mpaka imepasuka!"

Akacheka, lakini hakurudi nyuma. Nilibembeleza, nikafoka, nikatishia kutokupokea. Nilipotishia kutokupokea uso wake ukabadilika, nikajua nikiendelea nitamvunjia kitu ambacho sina cha kukiungia. Nikaichukua hotpoti na mayai yake.

Kumpigia simu mpwa wake sikutaka, ila nilimpigia. Nilimweleza yote: chombo, jirani, mayai, friji. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema neno moja lililonikaa rohoni siku nyingi.

"Kwa hiyo nyinyi mmekuwa mkila chakula cha mjomba wangu."

Nikamwambia ndiyo. Nikamwomba asiamue jambo la nyumba ya wazee mpaka nimpe mjomba wake unono wake. Alisema nafasi itangoja mpaka mwisho wa mwezi, haitapita hapo.

Alasiri ile chai haikunyweka. Yale mayai mawili yalikaa katikati ya meza, hakuna aliyeyagusa. Nilikuwa nimeshafikiria kumtilia tonton chakula cha siri akifiche kwenye friji ya mzee, upuuzi mtupu, wakati mwenzangu alipoacha kusugua sufuria na kugeuka.

"Bon, maman, iko simple. Ule papa, Padre, anatia mayai? Tunapika ile mayai na nyanya, kesho tunamurudishia. Chombo yake haitaki kurudi vide, tupu, alors na yetu isiende vide. Ghorofa moja ya juu, ya mangaribi yake. Atasema nini? Loi, sheria, ni yake!"

Nilikasirika kidogo. Adabu ni ya kwetu, na ufunguo wake umetoka Lubumbashi. Lakini nilikwenda kutafuta ghorofa ya nne, na nilihangaika, kwa sababu komeo la hotpoti za tatu halifiki. Mwishowe tonton alilirefusha kwa waya wa baiskeli.

Kesho yake Padre alipata chakula chake cha mchana kama kawaida, na juu yake mayai yake yakiwa kwenye mchuzi mzito wa nyanya, na chapati pembeni. Simu ililia nikiwa ndani ya treni.

"Mwanangu, mmenifanyia hila."

"Ndiyo, Padre. Ile ya juu ni ya jioni. Kula."

"Na mimi nitawatilia nini?"

"Tia utakacho. Kitarudi."

Kikawa kinarudi kweli. Peasi lilirudi limepikwa kwa mdalasini. Jibini lilirudi ndani ya sambusa, kitu ambacho mama yangu asingenisamehe. Mtindi tuliurudisha na vitumbua. Siku aliyotia kipande cha siagi tu, kwa ubishi, mwenzangu alimrudishia mahamri yaliyokaangwa, akasema siagi imo, ajitafutie. Vitu vile vilikwenda na kurudi mpaka sikujua tena nani anamlisha nani, na sikutaka kujua. Kola ya Padre ikaanza kupata shingo. Muuguzi wa daktari wake akampandisha kwenye mizani, akamshusha, akampandisha tena kuhakikisha.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mwisho wa mwezi ulipokaribia mpwa wake akanipigia. Safari hii hakuwa amejipanga. Alisema amefurahi kwa habari za mizani, lakini leo ni mizani, kesho mzee ataanguka bafuni, na nafasi ile ikipotea haijulikani lini itapatikana nyingine. Inabidi ajibu siku hiyo. Na kila akimuuliza mjomba wake, anajibiwa kitu kile kile: "Utakavyo wewe." Yeye hajui mzee anataka nini. Nije, alisema, labda mimi ataniambia.

Nilikwenda na chakula, maana siendi kwa mtu mikono mitupu. Mpwa alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti na koti lake hajalivua. Alimuuliza tena mbele yangu, kwa Kifaransa, kwa upole. Padre akamjibu kwa Kifaransa kile kile, kwa upole ule ule. Atakavyo yeye. Nyumba ni nzuri, bahari ni nzuri, asijisumbue. Walikuwa kama watu wanaopishana kwa heshima mlangoni, wakati nyumba inaungua.

Nikamgeukia Padre. "Hebu niambie mimi. Unataka kwenda?"

Akaitazama hotpoti iliyokuwa mezani, bado imefungwa.

"Naogopa," alisema kwa Kiswahili. "Huko nitalishwa na kuvishwa na kulazwa, na hakuna hata mmoja atakayetaka kitu kutoka kwangu. Wala hakuna atakayejua kunisalimia. Nimewazika watu wengi, mwanangu, kufa sikuogopi. Hilo naliogopa." Akafuta uso kwa kiganja. "Mtafsirie. Mimi sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani kwamba naogopa. Kwa Kifaransa sijui hata linaanzaje."

Mpwa alikuwa ananitazama mimi, anangoja. Kutafsiri ningeweza. Lilikuwa neno moja tu na maelezo yake, na hata Kifaransa changu kingelibeba. Lakini mimi kazi yangu ni kufikisha, na najua kipi cha kubebwa na kipi mtu anapaswa kukipeleka mwenyewe.

"Mimi simtafsirii mtu kilio chake," nikamwambia. "Mwambie mwenyewe, Padre."

Alinikasirikia. Nilimwona, jicho lilikuwa la padre hasa, la mtu aliyezoea kusikilizwa kanisani. Nami nikalipokea bila kulikwepa. Nikaisogeza hotpoti karibu naye, nikangoja. Kisha akamgeukia mtoto wa dada yake na kulisema, kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo ya mtu anayesoma herufi kwa mara ya kwanza.

Yule mama alifungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, akalivua. Alichukua simu, akatoka nayo kwenye korido, na kupitia mlango ulioachwa wazi nilimsikia akitaja jina la ile nyumba ya wazee, akisema chumba wampe mwingine, na akishukuru. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamuuliza mjomba wake anapenda kula nini jioni.

Padre alifikiri sana. Nadhani hakuna mtu wa nyumbani aliyekuwa amemuuliza hivyo tangu arudi Ulaya.